Saratani na Mgawanyiko wa Seli: Mambo Yanayotupasa Kuyafahamu Sisi wa Konde na Pemba Kaskazini

Maneno mawili tunayoyatumia kwa ugonjwa huu, saratani na kansa, yametujia kwa njia mbili tofauti, lakini maana yake ni moja. La kwanza asili yake ni Kiarabu, la pili asili yake ni Kilatini, na yote mawili humaanisha kaa, kiumbe yule yule tunayemwona akitambaa katika mikoko ya pwani yetu. Matabibu wa Ugiriki ya kale ndio waliotangulia kuulinganisha ugonjwa huu na kaa, na jina limedumu hadi leo. Kilichobadilika ni ujuzi. Matabibu wale waliona uvimbe tu. Siku hizi tunaweza kueleza unaanzia wapi, unakua kwa njia gani, na kwa nini baadhi yake unaweza kuzuiwa kabla haujaanza.

Wapendwa waamini, makala haya yameandikwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba familia nyingi katika jumuiya zetu hulisikia jina la saratani kwa mara ya kwanza siku ile ile wanapoambiwa kwamba mgonjwa wao amechelewa. Ya pili ni kwamba hapa kisiwani tunao ugonjwa wa zamani, kichocho, ambao tumeuzoea mno hata tukasahau kwamba ni miongoni mwa visababishi vya saratani. Tutaanza na seli yenyewe, kisha tutafika kwenye kichocho, na mwishoni tutazungumzia matibabu na wajibu wetu kwa wagonjwa.

Seli, tofali la mwili

Kila kiungo cha mwili kimejengwa kwa seli, ambazo ni chembe hai ndogo zisizoonekana ila kwa hadubini. Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja tu, pale yai la mama lilipoungana na mbegu ya baba. Seli hiyo ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, na hivyo hivyo hata mwili ukakamilika. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli trilioni 30 hivi. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliweka wazi kanuni ambayo haijatanguka mpaka leo: kila seli hutoka katika seli nyingine iliyoitangulia. Hakuna seli inayozuka yenyewe.

Mgawanyiko wa seli hauishi mtu anapokoma kurefuka. Ngozi huchakaa na kubadilishwa. Utando wa ndani wa utumbo hujengwa upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Seli nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutengeneza mpya zipatazo milioni mbili kila sekunde ili kuziba pengo. Jeraha la panga shambani hupona kwa sababu seli za kandokando yake hugawanyika hadi pengo likafungika, kisha huacha. Tulishike neno hilo, kuacha. Afya ya mwili haitegemei tu uwezo wa seli kugawanyika, bali pia uwezo wake wa kuacha kugawanyika kwa wakati unaofaa.

Namna seli inavyogawanyika

Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu 46, yaani jozi 23. Nusu tumerithi kwa mama na nusu kwa baba. Kromosomu ni nyuzi ndefu za DNA zilizokunjwa kwa ustadi. Katika DNA mmeandikwa maelekezo yote ya mwili kwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa, na kila seti moja ya kromosomu 23 ina herufi zipatazo bilioni tatu. Sehemu ya maandishi hayo yenye maelekezo ya kazi maalumu huitwa jeni.

Kabla seli haijagawanyika, ni lazima inakili maandishi yote hayo, ili kila seli changa ipate nakala kamili. Wanaotunza vitabu vya parokia wanajua uzito wa kazi ya namna hii. Anayenakili daftari kuukuu la ubatizo hadi kwenye daftari jipya akikosea tarakimu moja ya mwaka, kosa lile litaonekana katika kila cheti kitakachotolewa baadaye. Seli nayo hunakili kwa uangalifu. Inazo protini zinazopitia nakala nyuma ya mwandishi na kusahihisha, kiasi kwamba makosa yanayobaki hayazidi takriban moja katika herufi bilioni moja.

Kazi hii hufuata hatua. Kwanza seli hukua na kukusanya mahitaji. Pili hunakili DNA yake. Tatu hujikagua kama nakala imekamilika. Nne, kromosomu hujipanga katikati ya seli, nakala mbili za kila moja huvutwa pande mbili, kisha seli hujikata katikati na kuwa mbili. Hatua hii ya mwisho huitwa mitosisi, jina alilolitunga Mjerumani Walther Flemming aliyeieleza kwa kina mwaka 1882. Kwa seli ya binadamu inayogawanyika upesi, mzunguko wote huchukua siku moja hivi, na mitosisi yenyewe huchukua saa moja tu au karibu na hapo.

Baina ya hatua na hatua kuna vituo vya ukaguzi. Seli ikifika kituoni, hukaguliwa: je, DNA ni nzima? Je, kromosomu zote zimeshikwa sawasawa? Jibu likiwa hapana, safari husimamishwa mpaka kasoro irekebishwe. Kasoro ikiwa kubwa mno, seli huamriwa kufa kwa utaratibu, na majirani zake humeza mabaki yake bila madhara. Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse, waliogundua protini zinazouendesha mzunguko huu, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2001.

Breki zinapokatika

Saratani ni ugonjwa wa utaratibu huo. Ili kuuelewa, tufikirie gari la abiria linaloteremka mlima. Seli ina jeni zinazofanya kazi kama mafuta na pedali, yaani zinaihimiza igawanyike. Na ina jeni zinazofanya kazi kama breki, yaani zinaizuia. Jeni ya kuhimiza ikiharibika, pedali hukwama chini. Jeni ya kuzuia ikiharibika, breki hukatika. Mojawapo ya breki zilizo muhimu kuliko zote ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Ndiyo inayosimamisha seli yenye DNA iliyoharibika au kuiamuru ife. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya p53 hukutwa imeharibika.

Kosa moja kwa kawaida halitoshi. Seli huwa na breki zaidi ya moja, na mara nyingi hupita miaka mingi hadi makosa kadhaa yakutane katika seli moja. Ndiyo maana saratani nyingi huwapata watu wa makamo na wazee. Lakini makosa yakishakutana, seli ile hugawanyika bila kibali, na watoto wake wote hurithi makosa yale yale. Kundi hilo huwa uvimbe.

Si kila uvimbe ni saratani. Upo uvimbe unaokua polepole, ukabaki mahali pake na usiingilie jirani zake. Saratani hupenya katika nyama ya kandokando, huivutia mishipa mipya ya damu ili kujilisha, na hatimaye seli zake huchukuliwa na damu au limfu hadi kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo, na huko zikaanzisha makazi mapya. Kusambaa huku ndiko kunakoua wagonjwa walio wengi. Tuseme wazi pia kwamba saratani haiambukizwi kwa kumshika mgonjwa, kula naye au kulala chumba kimoja naye. Na ingawa zipo familia zinazorithi jeni dhaifu, saratani za kurithi ni chache, takriban tano hadi kumi katika kila mia.

Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, alichapisha taarifa juu ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili, wakitembelea hospitali kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, ili kujua uvimbe ule unaonekana wapi na hauonekani wapi. Waliukuta zaidi katika nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria kali. Kutoka katika vipande vya uvimbe huo, mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitambua huko London virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Baadaye ikaonekana kwamba katika seli za uvimbe huo kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ile ya 14, na kwa kuhama huko jeni ya kuhimiza mgawanyiko imewashwa isiweze kuzimika. Mtoto mwenye ugonjwa huu akiwahishwa kupata dawa anaweza kupona kabisa.

Kichocho: jambo linalotuhusu sisi

Sasa turudi nyumbani. Konde ni nchi ya mikarafuu, mabonde ya mpunga, vijito na madimbwi. Katika maji baridi ya namna hiyo huishi konokono wadogo, na ndani ya konokono hao hukua vijidudu vya kichocho. Vikitoka, huogelea na kupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa muda wa dakika chache, bila yeye kuhisi jambo kubwa. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo inayokaa katika mishipa ya damu iliyokizunguka kibofu cha mkojo, na kwa kawaida huishi miaka kadhaa. Minyoo jike hutaga mayai kila siku. Baadhi ya mayai hutoka kwa mkojo, na mkojo ukifika majini mzunguko huanza upya. Mengine hukwama katika ukuta wa kibofu. Maji ya bahari hayaambukizi kichocho, kwa kuwa konokono hao hawaishi katika maji ya chumvi.

Hapa ndipo habari ya seli na habari ya kichocho zinapokutana. Yai lililokwama huuchokoza mwili. Kinga huja kupambana nalo, na katika mapambano hayo huzalishwa kemikali zinazoweza kuharibu DNA ya seli za kibofu. Seli zilizokufa hubadilishwa kwa seli nyingine kugawanyika. Mayai mapya hufika, uharibifu hurudi, na mgawanyiko hurudi tena. Mwandishi aliyelazimishwa kunakili daftari lile lile usiku na mchana, huku mtu akimmwagia maji juu ya karatasi, atakosea mwisho wake. Ndivyo ilivyo kwa kibofu kilichokaa na mayai ya kichocho miaka mingi.

Uhusiano huu haukugunduliwa jana. Mnyoo wenyewe uligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani Theodor Bilharz. Mwaka 1911 A. R. Ferguson, naye akiwa Cairo, aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa tumbaku nao umo katika kundi hilo hilo, na ndio kisababishi kikubwa cha saratani ya kibofu duniani. Basi aliyepata kuugua kichocho na pia anavuta sigara anajiongezea mzigo juu ya mzigo.

Tusitishane. Walio wengi waliougua kichocho hawatapata saratani. Lakini watu wa rika letu na wale waliotutangulia walikua wakati kichocho kilikuwa jambo la kawaida hapa Pemba. Palikuwa na dhana kwamba mvulana kukojoa damu ni dalili ya kukua, kana kwamba ni hatua ya ujana. Si hatua ya ujana hata kidogo. Ni kibofu kinachovuja damu. Wasichana nao huugua, na mayai yanaweza kukwama katika via vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na damu isiyo ya hedhi. Dalili hizo mara nyingi hudhaniwa kuwa za ugonjwa wa zinaa, na ndoa nyingine huingia shaka kwa jambo ambalo chanzo chake ni kijito cha kufulia nguo. Mume mwenye busara humpeleka mkewe hospitali kabla ya kumtuhumu.

Yapo pia mambo ya kushukuru. Tangu mwaka 2000 kisiwa chetu kina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, ambayo imekichunguza kichocho kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 2011 na 2017 ulitekelezwa Unguja na Pemba mradi mkubwa wa kukitokomeza, ukishirikisha Wizara ya Afya ya Zanzibar, Shirika la Afya Duniani na wataalamu kutoka nje. Dawa ya prazikwanteli iligawiwa mara mbili kwa mwaka shuleni na majumbani, na katika baadhi ya shehia konokono waliuawa na wananchi wakaelimishwa. Kichocho kilipungua sana na maambukizi mazito yakawa machache. Hata hivyo hakikwisha. Yako maeneo ambako huibuka tena baada ya kugawiwa dawa. Kwa hiyo mzazi anayemficha mtoto siku ya ugawaji wa dawa anarudisha nyuma kazi ya wote, ya Mkristo na ya Mwislamu, kwani kijito ni kimoja.

Virusi na saratani ya mlango wa kizazi

Saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote ni ya mlango wa kizazi. Karibu yote husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Harald zur Hausen, aliyeugundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Namna virusi hivi vinavyofanya kazi inaafikiana na maelezo yetu ya breki: hutengeneza protini mbili, moja huiharibu p53 na nyingine huizima breki ya pili, na seli hubaki bila kizuizi.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi hivi kwa wasichana mwaka 2018. Tunaulizwa mara kwa mara kama chanjo hii huwafanya wasichana kuwa tasa. Haifanyi hivyo. Wengine huuliza kama inawahimiza mabinti kuuacha usafi wa moyo. Malezi ya usafi wa moyo ni kazi yetu wazazi na wachungaji, na sindano haiwezi kuifanya wala kuibomoa. Binti aliyelelewa vizuri naye anaweza kuolewa na mume aliyekwisha kuambukizwa. Kwa wanawake waliokwisha kuvuka umri wa chanjo, upo uchunguzi wa mlango wa kizazi unaoweza kuziona seli zilizoanza kubadilika miaka kadhaa kabla hazijawa saratani, na kuziondoa kwa tiba ndogo.

Dalili, uchunguzi na matibabu

Mtu yeyote anayeona moja ya mambo haya asisubiri: damu katika mkojo, hata kama haina maumivu na hata kama imekoma yenyewe; damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi; uvimbe katika titi; kidonda kisichopona; kumeza kwa shida; kukonda bila sababu; kikohozi cha muda mrefu; uvimbe wa taya kwa mtoto. Dalili hizi nyingi huwa na sababu nyingine ndogo, lakini ni kazi ya mpimaji kuamua. Aanze katika kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi apelekwe hospitali za Micheweni, Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee ya Mkoani. Mkojo hupimwa kwa hadubini kutafuta mayai ya kichocho. Mtu mzima ambaye damu yake haikomi anahitaji picha ya kibofu, na pengine kipande kidogo cha nyama kikatazamwe maabara.

Tiba ya saratani ina njia tatu kubwa: upasuaji, mionzi na dawa. Mionzi huivunja DNA ya seli za saratani zisiweze kugawanyika. Dawa nyingi huzishambulia seli zilizo katikati ya kugawanyika, na kwa kuwa mizizi ya nywele, utando wa utumbo na uboho wa mifupa navyo vina seli zinazogawanyika upesi, mgonjwa hupoteza nywele, hutapika na kupungukiwa damu. Mara nyingi mambo hayo hupita dawa inapomalizika, wala si ishara kwamba dawa inamwua. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyo katika majengo ya hospitali ya wakati wa Wajerumani, ndiyo kituo kikuu cha taifa, na Hospitali ya Bugando ya Mwanza, ya Baraza la Maaskofu, nayo hutibu saratani. Kwa mtu wa Konde safari hiyo ni ya kuvuka bahari, ina gharama ya nauli, malazi na wa kumsindikiza. Hapo ndipo jumuiya ndogondogo zinapopaswa kuchangishana mapema, kabla mgonjwa hajauza mikarafuu yake.

Mgonjwa na Kanisa

Saratani si laana, wala si malipo ya dhambi, wala haikutumwa na jirani. Tumeeleza inavyoanza: ni kosa la kunakili ndani ya seli, ambalo laweza kumpata mtakatifu na mwenye dhambi sawia. Mtakatifu Peregrine Laziosi, ambaye waamini humwomba kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, alikuwa mtawa wa sala. Anayemwambia mgonjwa kwamba amerogwa humtwisha mzigo wa pili, humtia uadui na ndugu zake, na humwibia miezi ambayo tiba ingeweza kufaa.

Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa si ya kufungia macho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza kwamba wakati wake ni pale mwamini anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Basi aitwe padre wakati mgonjwa anapojiandaa kwa safari ya hospitali au upasuaji, angali na nguvu za kusali pamoja nasi. Na pale tiba isipofaa tena, kutuliza maumivu ni tendo la upendo. Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kutumia dawa kali za kutuliza maumivu, kwa nia ya kutuliza na si ya kuua. Asiwepo basi anayemnyima mgonjwa mofini aliyoandikiwa na daktari kwa kudhani kwamba mateso yake yanampendeza Mungu.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya walisome fundisho hili pamoja na familia zao, na kila nyumba ifanye mambo manne. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kupimwa wiki hii. Mtu mzima aliyewahi kuugua kichocho na anayeona damu tena asikae kimya kwa haya. Binti aliyefikia umri wa chanjo aipate. Na yule ambaye tayari anaumwa atembelewe, ili asiwe peke yake siku atakapopanda boti kwenda kutibiwa.